Baraza: safari ya neno moja, kutoka lusu mpaka komini

Kijijini nilikozaliwa, upande wa Mwenga, katikati ya nyumba zote kulikuwa na nyumba moja ambayo haikufungwa. Kwa Kilega tunaiita lusu. Wanaume walikula pale, walichonga mipini ya majembe pale, mgeni aliyefika usiku alilazwa pale, na kesi zilikatwa pale. Sisi watoto tulitumwa kupeleka moto na maji, halafu tulifukuzwa. Lakini kila mtoto wa kijiji alijua namna ya kufukuzwa polepole, kusudi asikie nusu ya maneno kabla hajafika mbali.

Kitu nilichokipenda zaidi ni ile kamba. Mutanga ndilo jina lake. Ni kamba ndefu, na juu yake kumefungwa vitu vidogo vidogo: gamba la konokono, unyoya, kipande cha kikapu kilichochakaa, jino la mnyama, kibuyu kidogo kama kidole. Mtu asiyejua angesema ni takataka. Kumbe kila kitu ni methali. Mzee aliyetaka kusema hakupiga kelele. Alisimama, akashika kitu kimoja kwenye kamba, akatoa neno lake kwa kupitia kitu kile, na wote walijua anamwambia nani. Mtu aliweza kuambiwa ubaya wake mbele ya kijiji kizima bila jina lake kutajwa, na alitoka pale bado ni mtu.

Kamati ya chama chetu imeniomba niandike juu ya desturi ya baraza, na zaidi juu ya swali ambalo vijana wanatuuliza kila mara: mkutano wa komini au wa sheferi ukiitwa, mkaaji wa kawaida anaingia namna gani, na neno lake linakwenda wapi? Swali ni la leo, lakini siwezi kulijibu bila kurudi nyuma. Vijana wanivumilie. Wazee wetu pia hawakukata kesi ya shamba kabla ya kuuliza nani alilima kwanza.

Kwanza, tuseme ukweli juu ya baraza la zamani, maana siku hizi tunalisifu kupita kiasi. Walega hawakuwa na mfalme mmoja mkubwa. Mamlaka yalikuwa ya ukoo na ya bwami, ule ushirika wa daraja baada ya daraja ambao mtu aliupanda kwa tabia, kwa mafundisho na kwa kugawa mali yake, mpaka wachache wakafika kindi, daraja la juu. Jirani zetu Wabembe walikuwa na nyumba yao ya wanaume, lubunga. Wanande kule kaskazini wana kyaghanda, na jina lile limedumu mpaka leo katika ushirika wao wa Kyaghanda Yira. Majina ni mbalimbali, lakini kazi ilikuwa karibu moja: watu wanakaa, wenye kesi wanasema, wengine wanajibu, wazee wanatoka pembeni kushauriana, wanarudi na neno moja. Hakukuwa kura. Ilikuwa ni kuongea mpaka uchoke, halafu kuongea tena.

Lakini nani aliongea? Vijana walikaa kimya. Mtu wa kuja, hata akiwa na miaka ishirini kijijini, alihitaji mwenyeji wa kumsemea. Wanawake hawakukaa ndani ya lusu kama wenye kukata maneno. Kweli, bwami ilikuwa na daraja za wanawake pia, na mke wa kindi aliyefika bunyamwa aliheshimiwa hata na wakubwa. Na kweli pia kwamba neno lililosemwa asubuhi kwenye lusu mara nyingi lilikuwa limetengenezwa usiku jikoni. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akicheka: « Banaume banaenda kusema ile tulibaambia. » Sawa. Lakini kusema kwa mdomo wa mwingine si sawa na kusema. Ninaandika hivi kusudi mtu asije akanisingizia kwamba nataka turudi kwenye kamba ya konokono.

Sasa neno lenyewe. Baraza si neno la Kilega, wala la Kibembe, wala la Kishi. Lilitoka pwani. Kule Zanzibar na Lamu baraza ni lile benchi la mawe au la udongo mbele ya nyumba, ambapo watu wanakaa jioni kuzungumza. Halafu likawa pia jina la kikao cha sultani au liwali anaposikiliza watu. Liliingia kwetu pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, katika karne ya 19, wakati Nyangwe na Kasongo zilipokuwa miji mikubwa ya Maniema. Livingstone alifika Nyangwe mwaka wa 1871, na mwezi wa Julai mwaka ule ule aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki sokoni. Kwa hiyo neno hili tunalolipenda lilikuja na watu ambao si wote walikuja kusikiliza. Mwaka wa 1887 Leopold II alimfanya Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls, na kwa muda mfupi baraza la Waarabu na biro ya Mzungu zikawa kama nyumba moja.

Na tazama jambo hili, ambalo wengi wetu hatulifikirii. Wabeleji walichukua neno lile, wakalitia katika Kifaransa chao cha Kongo: barza. Kwao barza ilikuwa veranda ya nyumba ya Mzungu. Wazee waliozoea kukaa katika baraza wakaanza kungoja kwenye barza. Wanasimama juani, kofia mkononi, mpaka bwana administrateri amalize kahawa yake. Neno ni moja, lakini mtu amebadilishwa kiti.

Juu ya ardhi mambo yalianza mapema zaidi. Ordonansi ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema kwamba ardhi zisizokuwa na mtu ni za Leta. Ni mstari mdogo, lakini ulikula nchi. Nani atasema pahali fulani hapana mtu? Kwetu shamba linalimwa miaka miwili mitatu, linaachwa lipumzike miaka mingi, msitu unarudi, na wenyewe wanajua ni la ukoo gani. Mpita njia anaona pori tu. Msitu wa kuwinda, mto wa kuvulia, kilima cha makaburi, vyote vinaonekana kama pahali pasipokuwa na mtu.

Baadaye Leta la kikoloni lilitengeneza ngazi zake. Dekre ya 1910 ilipanga sheferi na sheferi ndogo. Ya 1926 ikaweka mahakama za wenyeji. Ile ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaweka sheferi na sekta pamoja na hazina yao na baraza lao la wazee. Pahali ambapo hapakuwa na mwami mkubwa, walimtafuta. Walega wengi walipata « shefu » ambaye babu zao hawakumjua. Na katika Kivu ardhi nyingi zilikuwa zinatafutwa na masetla: Comité National du Kivu iliundwa mwaka wa 1928 kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo inapotokea desturi ambayo mimi naiona kuwa mama wa mikutano yote ya leo. Dekre ya tarehe 31 Mei 1934 ilisema kwamba kabla ya kutoa ardhi, ofisa aende mahali penyewe, awasikilize wenyeji, aandike haki walizo nazo, aseme ni nini wanapoteza na watalipwa nini. Ndiyo ile uchunguzi ambayo watu wa biro mpaka leo wanaita ankete ya ardhi tupu. Kwa karatasi ni jambo zuri. Mtu anaulizwa kabla ya kunyang'anywa. Lakini aliyeuliza ndiye aliyetaka kutoa, aliyetafsiri alikuwa karani wake, aliyejibu alikuwa shefu aliyewekwa naye, na aliyeandika jibu alikuwa yeye tena. Babu yangu alisema kwamba siku ya uchunguzi wa namna ile kijiji kilipewa chumvi. Walifikiri chumvi ni zawadi ya mgeni, maana mgeni mwema haji mikono mitupu. Katika karatasi, nadhani, chumvi ilikuwa imekwisha kuwa bei.

Na mwaka wa 1948 wakubwa wale wale waliopenda mabaraza wakaikataza bwami. Waliiona kuwa ni siri, ni ubishi, ni hatari. Wazee waliendelea usiku, msituni. Kwa hiyo mchana kulikuwa na baraza lililoruhusiwa, ambapo hakuna aliyesema neno la kweli, na usiku kulikuwa na lile lililokatazwa, ambapo maneno yalikatwa. Nafikiri ugonjwa ule haujatuacha. Mpaka leo ukiitisha mkutano kwenye biro, watu wanasema « ndiyo, bwana »; wakifika njiani ndipo mkutano unaanza.

Katika miji mikubwa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwishoni mwa 1957 wakaaji wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walipiga kura kuwachagua washauri wa komini zao, mara ya kwanza. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1960, washauri wale wengi wao walikuwa wamejifunza siasa pale, kwa kubishana juu ya bomba la maji na taa za barabara. Halafu vita, halafu uasi wa 1964, halafu MPR.

Wakati wa MPR mikutano haikukosekana, hapana. Ilikuwa mingi sana. Tulicheza, tuliimba, tulipiga makofi, Jumamosi tulifanya salongo. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ilitaka hata kuwahamisha machifu wa desturi kama vile makarani, mwami wa hapa akatawale kule, haikuwezekana, ikaachwa. Mwaka wa 1982 kulikuwa na mpango wa kugawa madaraka, na mabaraza ya zone na ya kolektivite yakachaguliwa, lakini chama kilikuwa kimoja na kila mgombea alikuwa mtoto wake.

Halafu ikaja Januari 1990. Mobutu alitangaza kwamba anataka kusikiliza raia, akazunguka nchi. Nilikuwa mwalimu kijana wa sekonderi. Hatukuamini. Lakini usiku mmoja walimu sita tulikaa kwa taa ya mafuta, tukaandika memorandumu yetu: mishahara, barabara, askari wanaonyang'anya mama zetu sokoni, na mwishoni, baada ya kubishana mpaka jogoo, tuliongeza mstari juu ya vyama vingi. Mmoja wetu alikataa kutia mukono. Ana watoto, alisema, na mimi sikumlaumu. Karatasi yetu ikaenda. Baadaye ilitangazwa kwamba memorandumu zilizofika zilikuwa 6.128. Tarehe 24 Aprili 1990 ukatangazwa mwisho wa chama kimoja. Sitasema ni karatasi yetu iliyofanya vile. Lakini nilijifunza kwamba jambo lililoandikwa, lenye majina chini yake, lina uzito ambao makofi hayana. Barabara, kwa kweli, haikutengenezwa mpaka leo.

Wakati wa vita, neno baraza lilirudi kwa kazi ya kuponya. Kule Goma, mwishoni mwa miaka ya 1990, wazee wa makabila ya Kivu Kaskazini walikaa pamoja katika Barza Intercommunautaire, kila kabila na wajumbe wake, kuzima maneno ya ardhi kabla hayajawa panga. Ilifanya kazi nzuri kwa muda, halafu siasa ikaingia, ikavunjika. Lakini vijiji vingi viliiga mfano ule, na katika baadhi yake wanawake walipata kiti cha kukaa, si cha kupitisha pombe.

Sasa nafika kwenye ardhi tena, maana hapo ndipo baraza linapompa mtu chakula au linamnyima. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta. Ikasema pia, katika artikle ya 389, kwamba haki za jamii juu ya ardhi wanazokaa zitapangwa na ordonansi ya Raisi wa Jamhuri. Zaidi ya miaka arobaini ilipita bila ordonansi ile kuja. Lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango mmoja, na watu wengi hawaujui: kuanzia artikle ya 193, hapana ardhi ya mashambani inayotolewa bila uchunguzi kwanza. Ombi linabandikwa pahali matangazo yanapobandikwa kwa desturi. Ofisa anakwenda kwenye shamba. Anawasikiliza wale wanaokuja na malalamiko kwa mdomo. Anapokea na kusoma yale yaliyoandikwa. Anaandika yote katika prosè-verbal. Ni dekre ya 1934 ikiwa imevaa nguo mpya, lakini safari hii mwenye kusikilizwa anaweza kusoma Kifaransa.

Anaweza, kama yupo. Mwaka wa 2011 kilima kimoja karibu na kwetu kiliombwa na tajiri mmoja. Sitataja jina lake wala la biro. Ombi lilibandikwa, ndiyo. Lilibandikwa ndani ya ofisi, nyuma ya mlango ambao ukifunguliwa unaficha ukuta, umbali wa siku mbili kwa miguu kutoka kwetu. Prosè-verbal iliandikwa: watu wanne walisikilizwa, hakuna pingamizi. Tuliwatafuta wale wanne. Mmoja alikuwa shemeji wa karani. Mwingine alikuwa amekufa mvua mbili nyuma. Mama zetu walijua habari siku walipokwenda kulima mihogo wakakuta waya.

Tulilia, tulitukana, tulikwenda kwa mwami. Halafu mzee mmoja aliuliza swali ambalo lilituumiza: « Muliuliza lini ile karatasi? » Hatukuuliza. Tulingoja kuitwa. Tabia yetu ni ile: mkubwa akitaka neno lako ataita.

Miaka miwili baadaye ombi la pili lilikuja, kwa bonde la chini ya kilima kile kile. Safari hii kijana mmoja aliyekuwa anapita biro kila wiki kuuza vokashe za simu aliona karatasi, akaipiga picha kwa simu yake, akaisoma kanisani Jumapili baada ya misa, kwa Kilega na kwa Kiswahili. Siku ofisa alipofika, alikuta watu kama mia mbili wamekaa. Hawakupiga kelele. Tulikuwa tumepatana: hapana kutukana, hapana panga mkononi hata kama ni ya kazi. Wanaume walisema maneno ya mababu, mipaka ya ukoo, mto fulani, jiwe fulani. Yalikuwa mazuri, lakini ofisa hakuandika mengi. Halafu mama mmoja mjane alisimama. Yeye hakusema juu ya mababu. Alisema: mwembe ule nilipanda mwaka nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, michikichi kumi na saba, hii hapa, kaburi la mume wangu, lile pale, bwana, twende tuone. Na wakaenda. Ofisa alipaswa kuandika mwembe, michikichi na kaburi, maana aliviona.

Mwishoni alitaka watu watie mukono. Nilimwomba, kwa heshima, atusomee kwanza yale aliyoandika. Alikasirika kidogo. Akasoma. Maneno ya mama mjane hayakuwamo. Tulikaa. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyetia mukono, mpaka yakaongezwa, saa kumi jioni, na mvua ilikuwa imeanza.

Ninawaambia vijana: kama mnataka kujua namna ya kuingia katika mkutano wa Leta, kazi yote iko katika siku ile. Iko kabla ya mkutano, kwenye ukuta wa matangazo. Na iko baada ya mkutano, kwenye prosè-verbal. Kusema katikati ni jambo dogo kuliko tunavyofikiri. Sisi tunapenda kusema vizuri. Karani anapenda kuandika kidogo. Kati ya hayo mawili ndipo haki inapopotelea.

Katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kuna artikle moja ambayo ningependa kila mwalimu aifundishe, ya 27. Inasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka petisio kwa mkubwa wa serikali, peke yake au pamoja na wengine, na mkubwa yule anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kufanya vile. Miezi mitatu! Nimeona wakaaji wakingoja miaka mitatu kwa sababu walipeleka barua bila kupata akize. Barua isiyo na kashe ya kupokelewa, tarehe na jina la aliyepokea, haikuandikwa. Peleka kopi mbili, rudi na moja yenye kashe. Karani akisema kashe haiko, kaa kwenye barza. Hii mara moja barza ya Wabeleji inatusaidia.

Katiba hiyo iliweka miji, komini, sekta na sheferi kuwa na utawala wao na mali yao, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza namna gani: kila moja ina baraza la kuchaguliwa na wakaaji, ambalo linapiga kura juu ya bajeti. Provensi zipate 40 kwa mia ya mapato ya taifa, na komini na sheferi zipate 40 kwa mia ya fungu la provensi. Hesabu ile haikufuatwa kama ilivyoandikwa. Hilo kila burgumestri atakuambia, hata bila kumuuliza. Na mabaraza hayakuchaguliwa. Zaidi ya miaka kumi na tano ilipita. Uchaguzi wa washauri wa komini ulifanyika tarehe 20 Desemba 2023, kwa sehemu ndogo tu ya komini za nchi. Sheferi na sekta zilibaki nje. Kwa hiyo sheria ilimpa mkaaji mlango wa kuingia katika nyumba ambayo haijajengwa.

Hata hivyo watu walijaribu. Jirani zetu wa Luhwindja, na komini ya Ibanda kule Bukavu, zilikuwa kati ya zile zilizoanza bajeti ya ushirika katika Kivu Kusini, karibu mwaka wa 2010. Wakaaji waliitwa kwa ujumbe wa simu waje kwenye kikao. Kila kijiji au mtaa ulisema haja zake. Walichagua ni ipi itangulie, na baadaye walitangaziwa kwa simu tena kilichoamuliwa. Baadhi ya watu waliocheka kodi walianza kulipa, kwa sababu waliona fedha inageuka kuwa darasa au kisima. Mimi nilipenda jambo moja: hesabu ilisomwa kwa sauti. Katika lusu pia, mwenye kutunza mali ya ukoo alihesabu mbele ya macho. Ubaya wake ni kwamba msaada wa nje ulipopungua, sehemu nyingi moto ulipungua nao.

Pahali penye madini kuna mlango mwingine tena, na huo una fedha ndani. Kodi ya madini ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Toka wakati ule, katika redevanse ya madini, 15 kwa mia ni ya komini au sheferi ambamo mgodi uko, na kampuni inapaswa kukaa na jamii kuandika kaye de sharje, yaani mapatano juu ya shule, maji, barabara, pamoja na kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Ndugu zetu wa Lualaba na Haut-Katanga wameona kwamba ukumbi unaweza kujaa na mapatano yakawa mepesi. Nani aliwachagua wajumbe wa jamii? Je, karatasi ilikuja kwa Kiswahili siku ngapi kabla? Soda na tishati hugawanywa mlangoni, na mimi nakumbuka chumvi ya babu.

Nisisahau wale waliosikilizwa kidogo kuliko sisi wote. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka wa 1970, na mwaka wa 1975 ikapanuliwa kutoka kilometa mraba 600 mpaka 6.000, juu ya vijiji na misitu ya watu, Walega na wengine, bila baraza. Wambuti, ambao wengine wanawaita Batwa, walitolewa katika msitu wao na hawakupewa pengine. Kesi yao ilitembea mpaka kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo uamuzi wake, uliotangazwa mwaka wa 2024, ulisema haki zao zilivunjwa. Kumbe inawezekana kumjibu mkutano ambao haukuitwa, hata baada ya miaka hamsini. Lakini nani ana miaka hamsini? Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inawalinda kwa jina lao. Na tukubali aibu yetu: hata katika mabaraza yetu ya kijiji, Mtwa anakaa karibu na mlango.

Najua msomaji wa Goma au wa Bukavu atasema: mwalimu, unatuambia habari ya bajeti na prosè-verbal, sisi ambao Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya wanajeshi, ambao Goma ilichukuliwa na M23 Januari 2025 na Bukavu Februari ile? Ana haki. Mbele ya bunduki hakuna mkutano wa kusikiliza wakaaji, kuna mkutano wa kuwaambia. Lakini angalia wazee wa bwami mwaka wa 1948. Walilinda kitu kimoja: kumbukumbu ya nani alisema nini na mpaka uko wapi. Kijiji kilicho na daftari yake ya mipaka, yenye majina ya mashahidi wanaume kwa wanawake, kopi moja kwa padri au mchungaji, moja kwa mwalimu, moja kwa mama wa ushirika, hakianzi sufuri siku amani inaporudi.

Sisi tulianza daftari kama ile mwezi uliofuata baada ya mvua ile ya prosè-verbal. Ukurasa wa kwanza una mwembe, michikichi kumi na saba na kaburi. Juu ya bonde, jibu lilichelewa mwaka mzima na nusu. Mwishoni mpaka ulisogezwa, mwembe ukabaki kwetu, sehemu ya chini karibu na mto ikaenda. Mama mjane hakufurahi, na mimi sikumwambia afurahi. Aliniuliza tu kama ile karatasi ya kilima cha kwanza inaweza kuombwa tena, kusudi aone ni nani alitia mukono kwa jina la marehemu. Tuliandika barua. Tuna akize, ina kashe.